Tezi za Titi la Mchinjaji wa Shianda

Vijana wa maabara, tangu nistaafu mnaniuliza kila tukikutana ni kipande gani cha nyama ambacho sijakisahau. Najua mnatarajia niwatajie uvimbe mkubwa kama kichwa cha mtoto. Huo nao niliuona, nikaukata, jioni nikaenda nyumbani Lurambi nikala ugali vizuri. Kile kinachonisumbua hadi leo kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Kilitoka kwenye titi la mwanamume, na nilipokiweka chini ya hadubini sikuelewa ninachokiona. Mzee Andayi, aliyenifundisha kazi, hakuelewa. Daktari aliyekikata naye hakuelewa. Nawasimulia hivyo hivyo kilivyotuchanganya, maana naona mnafikiri sisi wa zamani tulijua kila kitu.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika hospitali moja pale mjini Kakamega. Chumba chetu kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja na meza mbili, na kilinuka fomalini hadi chai yetu ilikuwa na ladha yake. Nyinyi leo mnatumia visu vya kutupa. Sisi tulikuwa na kisu kimoja cha chuma, kizito, cha kunolewa kwenye jiwe, na Mzee Andayi alikilinda kama mkewe. Nyama ikishalowekwa na kugandishwa ndani ya nta, unaifunga kwenye mashine unaikata nyembamba kuliko karatasi ya kukunjia sigara. Nta ikiwa na joto sana inajikunja. Ikiwa baridi sana inapasuka. Siri ni kuipumulia kidogo, haaa, kama unasafisha miwani, kisha ukate kabla hujabadilisha nia.

Gundi ya kushikisha nyama kwenye kioo tulitengeneza wenyewe kwa ute wa yai. Mzee Andayi hakukubali yai la dukani. "Leta ya ingokho ya nyumbani," alikuwa akisema, yaani kuku wa kienyeji. "Hii ya kizungu inateleza." Sijui kama ni kweli. Kiini tulikikaanga.

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga chafya nikiwa nimekata utepe mzuri kabisa wa figo. Ukaruka wote. Kipande kimoja kilinasa kwenye nywele zangu, kingine kwenye kalenda ukutani. Mzee Andayi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nafula, kutoka leo ukisikia chafya inakuja, wachana na kazi, toka nje, piga huko." Hadi nilipostaafu nilikuwa natoka nje kupiga chafya. Watu wa ofisi ya pili walidhani ninasalimia mtu.

Basi. Siku hiyo ya kile kipande, mwenyewe ndiye aliyekileta. Si kawaida. Chupa huletwa na mhudumu wa theta, chumba cha upasuaji, zikiwa zimepangwa kwenye sinia. Lakini huyu alisimama mlangoni, mwanamume mrefu, kofia ya kufuma kichwani, koti zito limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Chupa ameifunga kwa gazeti, ameikumbatia.

"Assalaam aleikum. Hapa ndio mnaangalianga nyama?"

"Ndio hapa. Karibu."

"Hii ni yangu. Sikutaka ishikwe na kila mtu."

Jina lake Rajabu. Alikuwa mchinjaji, mwenye bucha yake sokoni Shianda, na watu wa Mumias na Matungu wote walimjua kwa sababu ndiye aliyechinja kwenye arusi zao. Daktari Osundwa, mpasuaji wetu kijana, alikuwa amemtoa kile kipande asubuhi hiyo kwenye ngozi nyeusi inayozunguka chuchu. Kulikuwa na kivimbe hapo, kikitoa majimaji. Nilimwuliza majimaji ya namna gani. Akatazama nyuma kuona kama mlango umefungwa.

"Saa ingine kama maji. Saa ingine nzito kidogo. Inalowesha shati. Ndio maana unaona koti."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mama, nakuomba kitu moja. Majibu ikitoka, andika ni jasho."

Nilicheka, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Aliketi kwenye stuli yetu bila kuambiwa, akanieleza, na mimi nikasimama na ile chupa mkononi. Mkewe, Zaituni, alikuwa amemwona akifua mashati yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Mwanamume ambaye tangu aoe hajawahi kufua hata leso ya mkono. Tena analala na fulana, na akikaribiwa anageukia ukutani. Zaituni akajumlisha, akapata mwanamke mwingine. Rajabu alipoulizwa alinyamaza.

"Ulinyamaza kwa nini?" nikamwuliza.

"Ningesema nini? Ati mimi Rajabu, mtu ya kushika ng'ombe kwa pembe, nimeanza kutoa maziwa? Afadhali afikirie ni mwanamke."

Kwa hiyo Zaituni akafunga nguo zake, akarudi kwa wazazi wake Matungu. Na Rajabu akabaki Shianda na bucha na koti.

Tulifanya kazi yetu. Ngozi, vijana wangu, ni adui wa kisu. Kwa juu ngumu, kwa chini laini, katikati ina mashina ya nywele yanayokwaruza nyama yote uliyokata. Nilipaka barafu, nikapumulia, nikakata, nikatupa, nikakata tena. Nilipopata utepe mzuri niliuelekeza kwenye maji ya vuguvugu, nikauchota kwa kioo, nikaupaka zile rangi zetu mbili, ya zambarau na ya waridi. Nikatazama.

Kwanza niliona tezi za mafuta. Hizo hata mwanafunzi anazijua, zinaonekana kama povu la sabuni lililoganda. Karibu nazo kulikuwa na mirija ya tezi za jasho, lakini lile jasho la kwapani, lenye seli ndefu za waridi ambazo vichwa vyake ni kama vinakatika na kudondoka ndani. Hadi hapo sikuwa na shida. Kisha nikasogeza kioo kidogo, nikakutana na mrija mwingine, wenye kuta mbili za seli, unapanda juu kutoka ndani ya nyama na kutokea palepale tezi ya mafuta inapotokea. Mlango mmoja, wenyeji wawili. Mrija wa namna hiyo nilikuwa nimeuona mara nyingi. Kwenye matiti ya wanawake wanaonyonyesha.

Nikainua kichwa. Nikakirudisha. Bado ulikuwepo.

"Mzee, kuja uone."

Mzee Andayi alivua miwani, akainama, akakaa sana. Aliponyooka alinitazama kwa wasiwasi.

"Hii ni ya mwanamke."

"Ni ya yule wa Shianda."

"Basi umechanganya chupa."

Nikaapa sikuchanganya, kisha nikaanza kuwa na shaka na kiapo changu. Wiki hiyo tulikuwa na titi la mama mmoja kutoka Mukumu. Tulirudi kwenye nta tukakata upya, Mzee Andayi mwenyewe akiwa kwenye mashine. Nywele nene za kifua zilionekana pembeni. "Unaona, ni mwanamume," nikasema. "Wanawake pia wako nazo hapo, wengine," akajibu, na hilo ni kweli. Tukatazama ule wa mama wa Mukumu, tukatazama huu, tukatazama tena ule. Kufika saa ya chai sikuwa na hakika tena hata na jina langu. Lakini chupa zilikuwa mbili, kila moja na nyama yake, na kila tulipokata ya Rajabu tulipata tezi zilezile tatu zimebanana, na kuzizunguka vidoti vidogo vya zambarau, alama ya kwamba mwili unapigana na kitu.

Tulimwita Daktari Osundwa. Alitazama, akauma kalamu.

"Hizi seli kubwa za waridi sizipendi. Kuna saratani inayopandaga kwa ngozi ya chuchu."

"Daktari, si hizo ni za jasho tu?" Mzee Andayi akauliza.

"Zinaweza kuwa za jasho. Mimi ni mtu wa kisu, Mzee. Wewe unasema nini?"

"Mimi nasema sijui."

"Basi tuko sawa."

Daktari wa patholojia, yule anayesomea nyama, alikuwa akija kwa zamu kutoka Kisumu, na zamu yake ilikuwa bado. Daktari Osundwa alikuwa mtu mwaminifu. Rajabu aliporudi kuuliza majibu, hakumficha. Alimwambia huenda ni kitu kidogo, huenda ni saratani, na ikiwa ni saratani itabidi titi lote liondolewe. Rajabu alitoka huko akaja moja kwa moja kwetu, hakubisha hodi.

"Nataka kuiona," akasema. "Mimi nachinjanga kila siku. Siwezi kuogopa nyama sijaiona."

Mzee Andayi alikuwa ametoka. Nikamkalisha kwenye hadubini. Mnajua kila mtu anachoona mara ya kwanza. "Naona miguu ya buibui," akasema. Nikamwambia hizo ni kope zake, arudi nyuma kidogo, asifumbe jicho la pili. Nikainama kando yake, shavu karibu na shavu, nikizungusha ile skrubu hadi akashtuka.

"Subhanallah. Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe. Hapa ni mafuta. Hapa ni jasho. Na hapa..."

"Hapa?"

"Hapa panafanana na maziwa."

Jicho lake lilibaki kwenye kioo. Kisha akaanza kuongea polepole, bila kuinuka. Alisema zamani alichinja beberu mmoja mkubwa, dume la madume, na alipomgeuza akakuta ana kiwele. Kidogo, lakini kiwele. Alipokibana kikatoa maziwa. Alikikata haraka akakitupia mbwa kabla wateja hawajafika, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu nani angenunua nyama ya beberu wa namna hiyo?

"Beberu huyo alikuwa mgonjwa?" nikauliza.

"Alikuwa na nguvu kuliko mimi."

Hapo ndipo mlango uliposukumwa. Mwanamke amesimama, leso mbili, mkoba kwapani, uso umekaza. Alitutazama tulivyoinamiana kwenye kona ya chumba kidogo, akanitazama mimi kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe ni wewe."

"Mimi ni nani?" nikauliza, maana kwa kweli sikuelewa.

"Nimefuata huyu mtu kutoka Shianda. Nikasema leo nitamwona huyo anayemfanya afue mashati. Kumbe ni daktari! Hata haya hauna, na hiyo koti nyeupe?"

"Zaituni," Rajabu akasema.

"Nyamaza! Ulinyamaza nyumbani, nyamaza na hapa."

Nilijaribu kueleza. Nilisema, "Mama, mumeo amekuja kuangalia tezi," jambo ambalo lilisikika vibaya kuliko lingine lolote ningesema. Zaituni akaweka mkoba chini, na mimi nikaangalia kama chupa yetu ya asidi iko mbali naye. Wakati huo Rajabu alikuwa anafungua vifungo. Koti, kisha shati. Alivua fulana. Kifuani kulikuwa na bandeji kubwa ya theta, na imelowa katikati.

"Mwanamke ni hii," akasema. "Hapa. Inatoa maji. Wamekata kidogo wakaweka kwa kioo, na hakuna mtu anajua ni nini. Wanasema pengine ni saratani. Sikutaka ujue mumeo ako na... ako na hii."

Hakuweza kulitaja neno. Zaituni alimtazama, akanitazama, akarudi kwake. Nilidhani atacheka, au atalia. Alisogea karibu akaiangalia bandeji bila kuigusa.

"Inauma?"

Rajabu aliitazama bandeji kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Ndipo nilipogundua hakuna aliyekuwa amemwuliza. Daktari aliuliza ilianza lini, mimi niliuliza majimaji ya namna gani, Mzee Andayi aliuliza ni ya nani.

"Usiku," akasema. "Nikilalia huo upande."

Zaituni akamfunga vifungo, kimoja kimoja, kama mtoto wa shule. Kisha akataka naye aone. Naye aliona miguu ya buibui kwanza. Alipoona tezi aliniuliza swali lile ambalo nimeulizwa na wanafunzi wengi baadaye: "Mungu alimpa mwanamume haya maziwa ya nini?"

"Mama, sijui. Sijui hata kama ni maziwa."

"Na wewe ndiye daktari?"

"Mimi ni wa kukata tu."

"Basi kata vizuri," akasema, na wakaondoka pamoja.

Daktari wa Kisumu alipofika kwenye zamu yake, tulimwekea vioo vya Rajabu mbele ya vingine vyote. Alitazama kwa muda mfupi sana, hadi nikaona aibu kwa siku zote tulizohangaika. Akasema si saratani. Zile seli za waridi ni za jasho kama Mzee Andayi alivyowaza. Tezi hizo tatu ziko kwenye ngozi hiyo kwa wanaume kama kwa wanawake, ila kwa mwanamume ni ndogo na hakuna anayejisumbua kuzitafuta. Mlango wa moja uliziba, ukaingiwa na uchafu, ukavimba. Kidonda kikipona na dawa zikimezwa, mambo yameisha. Hakuna kukata tena.

"Na ule mrija, daktari?" nikamwuliza. "Ule wa tatu. Ni wa maziwa au ni wa jasho?"

Akavua miwani. "Hapo umeniuliza ubishi wa watu wakubwa. Wengine wanasema ni tezi ya jasho iliyojaribu kuwa ya maziwa. Wengine wanasema ni ya maziwa iliyokomea njiani. Wengine wanasema zote mbili zimechangia mlango."

"Wewe unasema nini?"

"Inategemea nimeangalia kioo gani siku hiyo."

Mzee Andayi alifurahi sana. Alikuwa anarudia maneno hayo kwenye kantini kwa muda mrefu. Mimi sikufurahi. Nilitaka kujua. Nilivitazama vile vioo tena na tena, siku moja naona maziwa, siku nyingine naona jasho, na nawaambia ukweli, hadi naondoka kazini sikuwahi kuamua. Mkikata ngozi ya pale mahali mtaona wenyewe, na mtagombana.

Mimi na Daktari Osundwa tuliwaambia Rajabu na mkewe wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje. Rajabu aliposikia si saratani aliinamisha kichwa akasema alhamdulillahi mara nyingi, kwa sauti ya chini. Zaituni alikuwa na swali.

"Kwa hivyo ni jasho, ni mafuta, ama ni maziwa?"

Daktari Osundwa akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni yote kidogo," nikasema.

Zaituni akachukua mkoba wake. "Sawa," akasema. "Bora haina jina la mtu."

Baadaye nilipata safari ya kwenda Mumias, na kurudi nikashuka Shianda kununua nyama. Bucha ilikuwa imejaa. Rajabu yuko nyuma ya meza na shati jepesi la mikono mifupi, kisu mkononi, Zaituni anapima kwenye mizani. Aliponiona akapaza sauti hadi watu wa duka la jirani wakageuka.

"Huyu! Huyu mama ndiye aliniona kwa ndani!"

"Aliona kidogo tu," Zaituni akasema, bila kuinua macho.

Watu wakacheka, na Rajabu akaendelea kuwahutubia huku anakata mbavu. Aliwaambia mwanamume ana tezi tatu hapa, akajigonga kifuani. Moja ni ya mafuta, inalainisha moyo. Ya pili ni ya jasho la hofu. Ya tatu hata Kisumu haijulikani. Na zikifunga mlango, maji yanarudi kichwani. Yote aliyonisikia nikisema aliyageuza, na mengine aliyatunga palepale. Nilitaka kumsahihisha. Nilikuwa nimeinua mkono kabisa. Lakini hata mimi ningeanzia wapi?

Nilipotoka na nyama yangu kwenye karatasi, mtu mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinifuata. Mtu wa makamo, mkulima wa miwa, matope bado kwenye viatu. Hakuwa amenunua kitu. Alisubiri hadi tulipofika kando ya ukuta.

"Mama, hiyo kitu Rajabu anasemanga... mimi pia iko. Lakini yangu haitoi maji. Ni ngumu tu, kama jiwe. Na haiumi."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa naona haya. Sasa nimesikia Rajabu anaisema mbele ya watu, nikasema kumbe si mimi peke yangu."

Nikamwambia aje Jumatatu asubuhi, aniulize mimi. Alikuja. Nilimpeleka mwenyewe hadi kwa Daktari Osundwa, na kipande chake nikakikata mimi. Safari hiyo hatukuhitaji kubishana. Mzee Andayi alitazama, akainuka, akatoka nje, na daktari wa Kisumu alipokuja alisema alichokiona Mzee. Yake haikuwa tezi ya ngozi, ilikuwa saratani. Walimwondoa titi lote wiki hiyohiyo.

Alipona. Aliendelea kulima miwa yake, na kila msimu wa mavuno alikuwa anapita maabara kutusalimia. Nilimwuliza siku moja ni maneno gani hasa ya Rajabu yaliyomfanya anifuate.

"Ile ya maji kurudi kichwani," akasema. "Hiyo iliniogopesha."